Kufa, Kuzikana na Kuokoana: Historia ya Wanaojitolea Kuwahudumia Majeruhi wa Maafa

Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Methali hii twaifundisha shuleni kila mwaka, na wanafunzi wetu huieleza vizuri katika mitihani yao. Lakini ni mara chache tunapojiuliza swali linaloifuata. Mbiu ikishalia, na jambo lenyewe likiwa ni watu mia moja walioumia kwa mara moja, ni nani aendaye? Naye aendapo, hubeba nini mikononi na kichwani mwake? Katika insha hii tutajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, kwa kuwa tunaamini kwamba namna watu wanavyokimbilia majeruhi ni sehemu ya utamaduni wao, sawasawa na ngoma zao, mavazi yao na lugha yao.

Yafaa tueleze kwanza maana ya maafa tunayoyazungumzia. Mtu mmoja akivunjika mguu, hospitali nzima yaweza kumshughulikia. Watu 300 wakivunjika katika saa moja, hospitali ileile, yenye waganga walewale, vitanda vilevile na chupa zilezile za damu, huwa kama mtumbwi uliopandwa na kijiji kizima. Tofauti kati ya ajali na maafa ya umma basi si wingi wa majeruhi peke yake, bali ni uhaba wa mikono ya kuwahudumia. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kujitolea, yaani yule ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo wala hakuamriwa, lakini huja.

Mila zetu

Hatuna budi kuanza nyumbani. Katika makabila mengi ya nchi yetu, yowe lilikuwa ni sheria hata kabla ya kuja serikali za kigeni. Wasukuma huuita mwito huo mwano; mtu aliposikia mwano alitoka na silaha yake au mikono yake mitupu akaelekea sauti ilikotoka, na aliyejifanya kiziwi alikuwa na kesi ya kujibu mbele ya wenzake. Wapare walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mifereji na kutengeneza njia, ambayo kila nyumba ilitoa mtu wake. Tena kila mahali palikuwa na mafundi wa kuunga mifupa na wazee waliojua majani ya kuzuia damu. Watu hao hawakukaa hospitali; walikaa majirani, na waliitwa usiku kama mchana.

Watu wetu walipohamia mijini kutafuta kazi, mila hizo hazikufa bali zilibadili umbo. Mtu aliyekuwa mbali na ukoo wake aliogopa jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kufa na kuzikwa kama asiye na wenyewe. Kwa sababu hiyo vikazaliwa vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo hadi leo viko katika mitaa, ofisi na viwanda. Chama cha namna hiyo kina mwenyekiti, mweka hazina, daftari na mchango wa kila mwezi. Kina turubai, masufuria makubwa na mikeka. Mwanachama akifiwa usiku wa manane, kabla ya jua kuchomoza turubai limekwisha simama na chai iko motoni. Hakuna ofisi ya serikali iwezayo kushindana na wepesi huo.

Lakini tuangalie vizuri. Chama hiki chenye utaratibu mzuri namna hii huanza kazi baada ya mtu kufa. Katika ghala lake hamna machela, hamna bendeji, wala katika daftari lake hamna jina la mtu aliyejifunza kuzuia damu isimwagike. Twajua sana kuzikana; je, twajua kuokoana? Hilo ndilo swali lililotufanya tuandike insha hii, na sasa tulifuate katika historia ya mataifa mengine kabla ya kulirudisha kwetu.

Solferino na mtu wa Geneva

Kwa karne nyingi majeruhi wa vita waliachwa walipoanguka. Mmoja wa watu wa kwanza kuubadili mwendo huo alikuwa Dominique Jean Larrey, mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa. Tangu mwaka 1792 alibuni magari mepesi ya farasi ya kuwatoa majeruhi uwanjani wakati vita vinaendelea. Tena aliweka kanuni kwamba ahudumiwe kwanza yule mwenye jeraha la hatari zaidi, pasipo kutazama cheo chake. Kanuni hiyo twaweza kuiita upambanuzi wa majeruhi, nasi tutairudia mbele, kwa kuwa ndiyo roho ya kazi yote hii. Hata hivyo Larrey alikuwa askari mwenye mshahara. Raia wa kujitolea walikuwa bado hawajapata mahali pao.

Tarehe 24 Juni, 1859, karibu na kijiji cha Solferino katika kaskazini ya Italia, majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na jeshi la Austria. Askari wapatao 300,000 walikuwa uwanjani, na jua lilipotua maelfu kwa maelfu walikuwa wamelala chini, wafu na majeruhi pamoja. Siku hiyo alifika karibu na hapo mfanyabiashara mmoja wa Geneva, Henry Dunant, kijana wa miaka 31, ambaye alikuwa akimfuata Mfalme Napoleon wa Tatu kwa shida za biashara yake ya Algeria. Biashara aliisahau. Katika mji mdogo wa Castiglione makanisa na nyumba zilijaa majeruhi, na waganga walikuwa wachache mno. Dunant aliwakusanya wanawake wa mji, akawapanga, akanunua vifaa kwa fedha zake. Wanawake hao waliwaosha na kuwanywesha maji majeruhi wa pande zote bila kuuliza huyu ni wa jeshi gani, kwani walisema kuwa wote ni ndugu. Aidha, Dunant aliomba waganga wa Austria waliokuwa mateka waachiliwe ili wasaidie kazi, na ombi hilo likakubaliwa.

Watu wengi huihadithia habari hii kama habari ya huruma, wakaishia hapo. Dunant mwenyewe hakuishia hapo. Mwaka 1862 alipochapisha kitabu chake juu ya mambo aliyoyaona Solferino, alisema wazi kwamba watu wenye moyo mwema wanaotokea tu siku ya msiba hawatoshi. Wengi walichoka baada ya siku chache, wengine hawakujua la kufanya, na majeruhi ambao wangeweza kupona wakafa. Alitaka basi mambo mawili: kwanza, kila nchi iwe na chama cha watu wa kujitolea waliofunzwa wakati wa amani, pili, mataifa yafanye mapatano ya kuwalinda majeruhi na wale wanaowahudumia. Mwaka 1863 ikaundwa kamati ya watu watano mjini Geneva, na tarehe 22 Agosti, 1864, nchi 12 zikatia sahihi mkataba wa kwanza. Hicho ndicho chanzo cha Msalaba Mwekundu. Dunant mwenyewe alifilisika mwaka 1867, akaishi katika umaskini kwa miaka mingi. Mwaka 1901 alipewa sehemu ya tuzo ya kwanza ya amani ya Nobel, naye alifariki mwaka 1910.

Fikra hiyo iliingia Afrika ya Mashariki ikiwa imevaa nguo za ukoloni, lakini baada ya uhuru tuliifanya yetu. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanganyika kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, na cha Kenya mwaka 1965. Kabla ya hapo, mwaka 1957, waganga watatu wapasuaji walikuwa wamekwisha anzisha kazi ya waganga warukao kwa ndege, ambayo baadaye ilijulikana kama AMREF, ili kuwafikia watu wa sehemu za mbali zisizo na hospitali.

Ziwa na mji

Miaka ya 1990 ilitujaribu. Asubuhi ya tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka katika Ziwa Viktoria ilipokuwa inakaribia Mwanza. Meli hiyo ilikuwa imejaa kupita kiasi, na watu zaidi ya 800 walikufa. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati huo twakumbuka jinsi nchi nzima ilivyokaa kimya mbele ya redio, na siku tatu za maombolezo zilizotangazwa na Rais Benjamin Mkapa. Wavuvi walitoka na mitumbwi yao, na watu wa Mwanza wakajitolea kwa kila namna. Baadaye wapiga mbizi wa jeshi la maji la Afrika Kusini walikuja kusaidia kuzitoa maiti. Wengi wa marehemu walizikwa Igoma, ambako makaburi yao yako hadi leo.

Lakini katika msiba huo mna jambo linaloumiza kulikumbuka. Baada ya kupinduka, meli haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki juu ya maji, na ndani yake walikuwamo watu hai waliokuwa wakigonga chuma. Waokoaji, kwa shauku ya kuwatoa, walitoboa chuma hicho. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na meli ikazama. Hatuliandiki jambo hili ili tumlaumu mtu, kwani waliotoboa walitaka kuokoa, na mtu yeyote kati yetu angaliweza kufanya vivyo hivyo. Twaliandika kwa sababu ni fundisho lililolipiwa kwa bei kubwa: mkono wenye huruma usioongozwa na maarifa waweza kuwa mzito kuliko mkono usiokuja.

Miaka miwili baadaye, Ijumaa tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yalilipuka karibu wakati mmoja katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Dar es Salaam walikufa watu 11. Nairobi walikufa zaidi ya 200, na waliojeruhiwa walikuwa maelfu. Huko Nairobi kishindo cha kwanza, kilichokuwa kidogo, kiliwavuta wafanyakazi wa majumba ya jirani kwenda madirishani kutazama. Kishindo kikubwa kikafuata, na vioo vikawaingia nyusoni. Ndiyo maana majeruhi wengi siku ile waliumia macho.

Waliofika wa kwanza hawakuwa waganga. Walikuwa makarani, wachuuzi, wapita njia na madereva wa matatu. Waliwabeba majeruhi kwa mikono, kwa mabati na kwa milango iliyong'oka, wakawapakia katika matatu, mabasi na magari ya watu binafsi. Wengine walipanga foleni ndefu kutoa damu. Walakini wengi wa majeruhi walikimbizwa mahali pamoja, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mwenye mchubuko alifika pamoja na mwenye mshipa uliokatika, na mara nyingi mwenye mchubuko alitangulia kwa sababu alikuwa na miguu ya kukimbilia. Hapakuwa na mtu barabarani wa kusema: huyu aende sasa, huyu angoje, huyu apelekwe hospitali nyingine.

Hapa ndipo tunapoiona thamani ya ile kanuni ya Larrey. Siku hizi watoa huduma katika nchi nyingi huwagawa majeruhi kwa rangi. Nyekundu ni yule atakayekufa asipohudumiwa mara moja. Njano ni yule aliyeumia sana lakini aweza kungoja kidogo. Kijani ni yule awezaye kutembea. Nyeusi ni yule aliyekwisha kufa, au ambaye hali yake imeshinda uwezo uliopo. Kwa mtu aliyelelewa katika mila zetu, kazi hii ni ngumu kuliko kushona jeraha. Desturi yatufundisha kumtanguliza mzee, mgeni, na aliaye kwa sauti kubwa. Upambanuzi watuambia kwamba aliaye kwa sauti kubwa angali na pumzi. Tumtazame kwanza yule aliyenyamaza.

Reli, barabara na ndege

Tarehe 24 Juni, 2002, siku ileile ya Solferino baada ya miaka 143, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Ilirudi nyuma kwa kasi bila breki, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Hospitali ya mkoa ya Dodoma, ambayo siku za kawaida hutosha kwa watu wake, ilijikuta katika hali ileile ya makanisa ya Castiglione.

Mfano mwingine ni wa tarehe 6 Mei, 2017. Basi la wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha, waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio na wenzao, lilitumbukia katika bonde la Mto Marera huko Rhotia, wilayani Karatu. Watoto zaidi ya 30 walikufa pamoja na walimu wao na dereva. Ikatokea kwamba kundi la Wamarekani wa kujitolea wa shirika liitwalo STEMM, waliokuwamo nchini kwa kazi za afya na elimu, walikuwa wakipita barabara hiyo. Walishuka bondeni wakawahudumia watoto wakisaidiana na wananchi. Watoto watatu walipona. Walipelekwa Marekani kutibiwa, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo wakarudi nyumbani. Kwa hakika watu wale hawakuwa na dawa za ajabu. Walijua namna ya kumshika mtu aliyevunjika, na kujua huko walikuwa nako kabla ya siku ile.

Tuongeze na habari ya tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Wavuvi walifika kwanza. Kijana mmoja miongoni mwao, Majaliwa Jackson, alieleza kwamba aliupiga mlango wa nyuma kwa kasia hadi ukafunguka, na abiria wakapata njia ya kutokea. Watu 24 walipona, 19 wakafa. Serikali ilimpa kijana huyo zawadi na kumwingiza katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Twaona kwamba kuingizwa kwake jeshini kulikuwa na maana kubwa kuliko zawadi ya fedha, kwa sababu hapo ushujaa wake ulipewa nafasi ya kufundishwa.

Wageni nao

Isidhaniwe kwamba upungufu huu ni wetu peke yetu. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu wa Rwanda walivuka mipaka. Katika siku za mwisho za Aprili pekee wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na mwezi wa Julai wengi zaidi waliingia Goma, katika Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Goma kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu katika wiki chache. Mashirika ya kujitolea yalifurika kutoka kila pembe ya dunia, lakini mengine yalikuja bila ujuzi wa kutosha na bila kusikilizana. Aibu hiyo ndiyo iliyochangia kuandikwa kwa kanuni za pamoja za misaada, kazi iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa jina la Sphere. Tetemeko la Haiti la Januari 2010 likaonyesha tena kosa lilelile miongoni mwa timu za waganga wa kigeni, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likatoa vipimo ambavyo kila timu ya namna hiyo yapaswa kuvifikia. Ni dhahiri basi kwamba dunia nzima imekuwa ikijifunza somo moja ambalo Dunant aliliandika mwaka 1862.

Wajibu wetu

Nchini kwetu hatua zimepigwa. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na waganga wa fani hiyo wakaanza kufunzwa nchini. Sheria ya usimamizi wa maafa imetungwa upya mwaka 2022. Lakini sheria na idara hazikai bondeni Rhotia, wala ziwani saa kumi na mbili ya asubuhi. Anayekaa huko ni mvuvi, mkulima, mwalimu na mwanafunzi. Kila msiba tulioutaja hapa unashuhudia kwamba nusu saa ya kwanza ni mali ya jirani.

Twapendekeza basi mambo matatu. La kwanza, vyama vyetu vya kufa na kuzikana viongeze neno la tatu katika majina yao na katika kazi zao, nalo ni kuokoana. Mchango wa miezi michache watosha kununua machela na bendeji, na kumpeleka mwanachama mmoja kwa Msalaba Mwekundu akajifunze kisha awafundishe wenzake. La pili, mashule yetu yafundishe huduma ya kwanza kwa vitendo: kuzuia damu kwa kukandamiza jeraha, kumlaza ubavu aliyezimia, kutomwinua ovyo aliyeumia mgongo, na kuwapambanua majeruhi. La tatu, tuwafundishe watoto wetu kusimama mbali pale ambapo hawana la kusaidia. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilianguka Msamvu, Morogoro. Watu wakalizunguka kuchota mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya 100 wakafa. Mbiu ililia, watu wakaenda, lakini hawakwenda kuokoa.

Husemwa pia kwamba kifo cha wengi ni harusi, maana yake machozi ya pamoja hupunguza uchungu. Hatuikatai methali hiyo. Imetufariji Igoma, na imetufariji Dodoma. Lakini hatupendi kizazi kijacho kiwe hodari wa kufarijiana tu. Ndugu mwalimu, kesho uingiapo darasani, uulize ni wanafunzi wangapi wanaojua kuzuia damu ya mwenzao isimwagike. Wahesabu. Kisha anza kazi na wale waliobaki.